UZI: Misimu inapita hujapata kulungu? Tafuta mnyororo umekatikia wapi kabla hujauza bunduki

MzeeWaMialoni (Wisconsin) #1

Wakuu, salaam.

Novemba ikikaribia swali huwa lile lile: "Huu ni mwaka wa tatu narudi mikono mitupu, nifanyeje nisikate tamaa?" Na jibu nalo huwa lile lile: vumilia, mvumilivu hula mbivu. Nia ni njema, lakini jibu hilo halimsaidii mtu anayepanda dungu saa kumi na moja alfajiri, baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, akijua moyoni kwamba leo itakuwa kama jana. Kinachommaliza mwindaji ni kutojua kwa nini hapati. Akishajua kasoro iko wapi, kesho ana kazi ya kufanya, na mtu mwenye kazi huamka.

(Nasema kulungu kwa sababu ndivyo wengi wetu huku Marekani tunavyomwita huyu mwenye mkia mweupe. Kulungu wa nyumbani ni mnyama mwingine, pembe zake hazidondoki. Wa huku dume huangusha pembe kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, akaota nyingine. Wasomaji wa Biblia watamjua kwa jina la ayala.)

Tuanze na matarajio. Kukosa ni kawaida kuliko watu wanavyodhani. Kule Pennsylvania leseni za majike hupangwa kwa hesabu kwamba karibu kila leseni nne huleta mnyama mmoja. Yaani leseni tatu kati ya nne zinabaki safi, na wenye leseni hizo si wazembe. Mtu anayewinda wikiendi mbili kwa mwaka kwenye ardhi ya umma, akakaa misimu mitatu bila kitu, hajalaaniwa na yeyote.

Sasa mnyororo. Ili kulungu mmoja afike jikoni kwako, mambo manne yanapaswa kufuatana. Awepo pale ulipo. Apite ndani ya saa halali, ambazo katika majimbo mengi ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Asikugundue. Halafu risasi au mshale uende pale unapotakiwa. Kikikatika kimoja, vitatu vilivyobaki havina faida.

Utajuaje kilichokatika? Daftari. Kila unapokaa andika tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka, upepo unatoka wapi, baridi kiasi gani, umeona kulungu wangapi, saa ngapi, walikuwa wakitoka wapi kwenda wapi, na waliondoka vipi. Neno "hakuna" peke yake halitoshi. Baada ya saa 12 hadi 15 za kukaa, daftari litaanza kusema. Kama hujaona hata mkia, tatizo ni kiungo cha kwanza au cha pili: hama. Kama unawaona lakini wanasimama, wanapiga kwato chini, wanakoroma puani na kuinua mkia, wamekugundua. Kama walifika yadi 80 wakasimama ubavu na bado wakaondoka na uhai wao, kazi yako iko kwenye uwanja wa shabaha.

Msimu mwingi hupotea kwa kutibu kiungo kisicho kibovu. Mtu ananunua bunduki mpya, nguo mpya na filimbi ya kuita dume, wakati mahali anapokaa hapana kulungu.

Karibuni tuchambue kimoja kimoja.

---

DadaWaDuluth (Minnesota) #2

Mzee umefungua vizuri. Nianze na kiungo cha kwanza, kwa sababu ndicho kinachokula miaka ya watu.

Watu wengi hupeleleza Septemba, wanaona kulungu kumi kwenye shamba la soya, wanafunga dungu hapo, na Novemba hawaoni kitu. Kulungu hawakufa. Chakula kimebadilika. Soya ikiwa kijani wanaila; majani yakigeuka manjano wanaiacha. Wakati huohuo njugu za mwaloni zinaanza kudondoka, na kulungu anaingia msituni. Mwaloni mweupe hudondosha mapema, Septemba hadi Oktoba, na njugu zake hazina uchungu mwingi, kwa hiyo ndizo zinazoliwa kwanza. Mwaloni mwekundu una uchungu zaidi na huachwa hadi baadaye. Kuitofautisha ni rahisi: jani la mweupe lina ncha za mviringo kama vidole, la mwekundu lina ncha kali zenye kijiunywele mwishoni.

Tena ujue kwamba mwaloni mwekundu huchukua miaka miwili kukomaza njugu na mweupe mmoja. Mwaka wa baridi mbaya wakati wa maua, miti mingi meupe inaweza kuwa mitupu. Mwezi Agosti inua darubini ya mkononi utazame matawi. Mti usio na njugu Agosti hautakuwa nazo Oktoba.

Dalili zisomwe kwa ubichi wake. Kinyesi cheusi, chenye kung'aa na unyevu ni cha leo au jana. Kilichokauka na kupauka ni cha zamani. Ukwato wenye kingo kali ni mpya. Uliolainika au wenye majani ndani yake umekwisha muda. Mti uliokwaruzwa na pembe hukwaruzwa upande ule dume alikotokea, hivyo ukiona mitano iliyokwaruzwa upande mmoja umeshapata njia yake na uelekeo wake. Na malalo: mabonyeo ya mviringo kwenye majani au theluji, marefu karibu mita moja. Makubwa kwa madogo pamoja ni jike na watoto. Kubwa la peke yake, mara nyingi kwenye ncha ya kilima au kisiwa kikavu ndani ya kinamasi, ni la dume.

Usikae palipo na dalili zilizotimia mwezi. Ni kama kusubiri daladala kituo kilichohamishwa.

---

BabaFuraha (Michigan) #3

Nakaa mkao wa kusoma. Swali moja kwa wakuu: kamera ya porini inaonyesha madume mazuri kabisa, lakini yote ni kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri. Hilo ndilo linalovunja moyo kuliko kutoona kabisa. Hapo nini kimeharibika?

---

MzeeWaMialoni (Wisconsin) #4

BabaFuraha, hicho ni kiungo cha pili, na ni habari njema kuliko unavyoiona. Kulungu yupo. Umekaa mbali na anapolala, basi.

Kulungu hutoka malaloni jua likielekea kuzama na kwenda polepole. Dume mzima hukawia zaidi, husimama ndani ya vichaka hadi giza liingie, ndipo afike shambani. Kamera iliyo ukingoni mwa shamba itampiga picha usiku kila siku. Sogea kuelekea malaloni hatua kwa hatua, yadi 100 hadi 150 kila mara, kwa kufuata njia ileile kinyumenyume. Ukikuta picha ya dakika ishirini kabla ya giza, simama hapo.

Sababu ya pili ni wewe mwenyewe. Kila ukienda kubadilisha kadi ya kamera unaacha harufu. Nenda mara moja kwa wiki mbili, mchana katikati, ikiwezekana mvua ikiwa karibu kunyesha. Zile zinazotuma picha kwenye simu zinapunguza safari, lakini soma kanuni za jimbo lako kwanza; Arizona, kwa mfano, ilipiga marufuku kamera za porini kwa uwindaji kuanzia 2022.

Na hii ya mparuo, yaani pale dume anapoparua udongo chini ya tawi lililoning'inia usawa wa uso wake. Mparuo unasisimua sana ukiukuta, na watu hukaa juu yake wiki nzima. Mingi hutembelewa usiku. Uchukue kama ushahidi kwamba dume anapita eneo hilo, kisha ukae kati ya mparuo na vichaka anamolala.

Hali hii hubadilika yenyewe kwa siku chache za kupandana. Huku kaskazini kilele kiko karibu na katikati ya Novemba, na kinaongozwa na urefu wa mchana, kwa hiyo tarehe hazihami mwaka hadi mwaka hata joto likipanda. Joto huwafanya watembee usiku zaidi tu. Walioko kusini wasifuate tarehe hizi. Texas ya kusini ni Desemba, na sehemu za Alabama ni Januari.

---

Kusi_na_Kaskazi (Ohio) #5

Wakuu, mimi nichukue kiungo cha tatu. Sisi watu wa pwani tuna maneno yake tayari: joshini ni upande upepo unakotoka, demani ni unakoelekea. Kulungu akiwa demani kwako, umekwisha, hata ujipake nini.

Watu hutazama upepo kwenye simu asubuhi, "kusini-magharibi maili 6 kwa saa", wakadhani wamemaliza. Simu inasema upepo wa uwanja wa ndege. Ndani ya bonde hewa ina mambo yake. Jua likipiga mteremko hewa inapata joto na kupanda. Jioni inapoa na kushuka kama maji, ikijikusanya bondeni na kufuata vijito. Ndiyo maana dungu lililo chini ya bonde hukuangusha jioni hata kama upepo wa simu uko sawa: harufu yako inateremka na kutuama palepale kulungu anapopita. Kanuni ya haraka: asubuhi jua likishapanda kaa juu ya njia yao, jioni kaa chini yake, na dakika zile za mpito usitarajie utulivu wowote.

Pima kwa macho. Kuna mmea uitwao milkweed, hutoa nyuzi nyeupe laini kama sufi ya msufi. Kusanya maganda yake Oktoba, weka kwenye mfuko mdogo, achia unyuzi mmoja mmoja. Poda ya chupa ya kupimia upepo inapotea machoni baada ya yadi tano. Unyuzi wa milkweed unauona yadi hamsini ukigeuka, ukizama, ukizunguka mti. Ukifanya hivyo mara tatu mahali pamoja utaelewa kwa nini wanakoroma wakiwa bado hujawaona.

Halafu njia ya kuingia. Hii inaharibu mawindo mengi kuliko dungu lenyewe. Alfajiri kulungu wako shambani wanakula. Ukikatiza shamba na tochi unawafukuza wote, halafu unakaa saa nne ukisubiri wanyama uliowafukuza mwenyewe. Zunguka kwa nyuma, ingia kwa kijito ikiwa kipo. Jioni ni kinyume: wakati wa kushuka shamba limejaa. Ukishuka mbele yao mara tatu wataanza kutoka giza limeshaingia. Ngoja waondoke, au mpigie mwenye shamba aje na gari lake walilolizoea awasogeze, ndipo ushuke.

---

NyayoMbichi (Maine) #6

Na hizi dawa za kuua harufu, Kusi? Bei yake inaumiza.

---

Kusi_na_Kaskazi (Ohio) #7

Ndugu yangu, oga, fua nguo kwa sabuni isiyo na manukato wala king'arisho, zikaushe nje, vaa buti za mpira msituni tu, si kituo cha mafuta. Hapo umemaliza. King'arisho ndicho cha kuepuka zaidi: kulungu hawaoni rangi ya machungwa kama sisi, ndiyo maana kizibao cha usalama hakiwatishi, lakini wanaona buluu na mwanga wa urujuani vizuri sana, na nguo iliyofuliwa kwa king'arisho inawaka machoni pao. Pesa ya dawa weka kwenye mafuta ya gari, ukapeleleze.

---

DadaWaDuluth (Minnesota) #8

Niseme kitu kuhusu mwili, kwa sababu moyo hukatika miguuni kwanza. Wengi hawashindwi kuwinda; wanaganda. Wanashuka saa tatu asubuhi, na siku za kupandana dume hutembea kutoka kundi moja la majike hadi jingine hata saa nne hadi saa nane mchana. Kwenye ardhi ya umma kuna faida ya pili: saa nne wawindaji wengine wanashuka kwenda kula na kuota moto, wanazunguka, na kulungu wanahama kwenye vichaka vizito. Aliyebaki ametulia kwenye njia ya kukimbilia ndiye anayeona.

Namna ya kukaa siku nzima: tembea hadi dunguni umevaa kidogo, jaketi limefungwa kwenye mkoba. Ukifika na jasho umeshashindwa. Ngozi ipate nguo nyembamba ya sufu au sintetiki, kamwe si pamba, kwa kuwa pamba ikilowa hailindi. Subiri dakika kumi mwili upoe, ndipo uvae makubwa. Buti ziwe kubwa kwa nusu saizi au saizi nzima, soksi moja nene. Soksi tatu kwenye buti inayobana huzuia damu na miguu huganda upesi. Vile vipakiti vya joto vinahitaji hewa ili vifanye kazi, ndiyo maana ndani ya buti iliyobana vinazima. Viweke kwenye mfuko wa mikono uliofungwa kiunoni, kimoja kiunoni nyuma. Chini ya miguu weka kipande cha zulia au sponji, chuma cha dungu kinanyonya joto.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa: MKANDA WA MWILI MZIMA. Kuanguka ni miongoni mwa ajali kubwa za wawindaji wa kulungu. Jifunge kwenye kamba ya uhai tangu mguu unapoacha ardhi, kamba yenye fundo linaloteleza ukilisogeza kwa mkono na kukaza ukianguka. Bunduki ipandishwe kwa kamba, haina risasi, mtutu ukielekea chini. Uwe na ule mkanda mdogo wa kusimamia kwa miguu, maana kuning'inia tu bila kusogeza miguu kunaweza kuua.

Kabla ya kupanda andika saa ya kushuka. Ukiiamua ukiwa juu na baridi, utaiamua vibaya.

---

ShabahaMoja (Pennsylvania) #9

Kiungo cha nne basi. Aliyekosa kwa risasi huvunjika moyo kuliko asiyeona kabisa, na wengi hawataki kulizungumza.

Hatua ya kwanza ni kuitoa bunduki kwenye lawama au kuithibitisha. Kaza skrubu za darubini, weka bunduki kwenye mifuko ya mchanga, yadi 25 kwanza, kisha 100. Piga risasi tatu kwa utulivu, mtutu upoe, tafuta katikati ya matundu matatu, usirekebishe kwa tundu moja. Darubini nyingi zina vidoto vya robo, yaani hatua ndogo za kitufe cha kurekebishia: kidoto kimoja husogeza robo inchi kwa yadi 100, hivyo ukiwa inchi 2 kushoto unahitaji vidoto 8 kulia. Kwa bunduki ya risasi za aina ya .308, .270 au .30-06, ukiiweka inchi 2 juu kwa yadi 100 itakuwa karibu katikati kwa yadi 200, na huhitaji hesabu yoyote msituni. Tumia risasi zilezile utakazowindia. Kubadilisha boksi kunabadilisha mahali inapogonga.

Kama bunduki iko sawa, tatizo ni kushtuka. Mwili unajua teke linakuja, kidole kinapiga triga badala ya kuivuta, jicho linafumba, kichwa kinainuka kutoka kwenye kitako. Hakikisha bunduki haina risasi, hakikisha tena, weka risasi bandia, na uvute triga mara 15 kila jioni kwa wiki nne ukitazama alama ya darubini. Alama ikiruka, bado. Uwanjani mwombe mwenzako akupakilie bila kukuambia kama ni risasi kweli au bandia. Siri itafichuka hapohapo.

Halafu acha kufyatulia benchi. Msituni hakuna benchi. Piga ukiwa umekaa, umepiga goti, umeegemea mti, na glavu mikononi.

Mnyama akitokea na moyo ukaanza kudunda, macho huenda kwenye pembe na risasi hufuata macho. Ukishaamua kumpiga, usitazame pembe tena. Tafuta unywele mmoja: nyuma tu ya bega, theluthi moja ya mwili kutoka chini. Hapo kuna mapafu yote mawili na sehemu ya juu ya moyo. Amekaa mshazari kuelekea kwako, subiri ageuke. Pumua nje nusu, vuta.

---

BabaFuraha (Michigan) #10

Asanteni. Sasa kuhusu lengo: tulioamua kusubiri dume mwenye pembe nzuri, si tuendelee tu kusubiri? Kupiga jike naona ni kama kujishusha.

---

DadaWaDuluth (Minnesota) #11

Kaka, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Asiyewahi kupata na aliyekaa misimu mitatu bila kitu wote wawili wanahitaji kitu kimoja: kupitia mnyororo wote hadi mwisho. Kumtazama akija, kusubiri ageuke, kuvuta, kufuata damu, kupasua, kukokota, kukata nyama. Jike anafundisha yote hayo sawasawa na dume. Aliyeyapitia mara tatu kwa jike hatetemeki dume akija.

Na jike si mnyama mjinga. Jike mzima mwenye watoto wawili ana macho sita na pua tatu. Mahali kulungu ni wengi, idara za wanyamapori hutoa vibali vya majike kwa makusudi, kwa kuwa idadi ya kulungu huongozwa na majike wanaozaa. Angalia eneo lako linaruhusu vibali vingapi kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi, kwingine hufungwa miezi kabla ya msimu.

---

MzeeWaMialoni (Wisconsin) #12

Niko na dada. Ila mwenye kutaka dume tu, aamue hivyo akijua bei yake, na asihesabu mwaka wa kumwacha mdogo apite kuwa ni mwaka wa kukosa.

---

BinSeif (Minnesota) #13

Assalaam alaykum. Naona bado hatujagusa mnyama aliyejeruhiwa akapotea. Hilo huwafanya watu waache kuwinda kabisa, kwa huzuni na aibu, na mara nyingi hupotea kwa sababu mwindaji aliharakisha.

Baada ya kufyatua usishuke. Kariri mti aliposimama na mti wa mwisho ulipomwona. Nenda kwanza pale aliposimama, soma. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu: subiri nusu saa, atakuwa ndani ya yadi 100 au zaidi kidogo. Damu nyekundu iliyokolea, kama ya kahawia, bila povu, ni ini: ondoka kimya, rudi baada ya saa 4. Majimaji ya kijani au vipande vya majani yenye harufu mbaya ni matumbo: saa 8 hadi 12. Huyu wa matumbo hulala karibu, ndani ya yadi mia mbili tatu, na hufia hapo akiachwa. Akifuatwa mapema anainuka, haachi damu, na hapatikani. Weka kitambaa au karatasi kwenye kila tone la mwisho; ukipotea, geuka utazame mstari wa alama nyuma yako, utakuonyesha uelekeo. Majimbo mengi huruhusu mbwa wa kufuatilia damu akiwa kwenye kamba, na chama cha United Blood Trackers kina orodha ya wenye mbwa kwa jimbo. Piga simu kabla hujakanyaga eneo lote.

Kwa Waislamu: taja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, na kisu kiwe kiunoni, ukimkuta bado ana uhai, mchinje. Kuhusu mnyama kukutwa majini, hadithi ya Adiy bin Hatim, sahaba wa Mtume, inasema usile, kwa kuwa hujui kama aliuawa na mshale wako au na maji. Kulungu aliyejeruhiwa hupenda kukimbilia kijito na kinamasi, hiyo ni sababu nyingine ya kutomkurupusha.

Na kabla hamjagawa nyama kwa majirani, pimeni ugonjwa wa kudhoofika kwa kulungu. Ulionekana mara ya kwanza Colorado mwaka 1967 na Wisconsin uligunduliwa 2002. Leo uko katika majimbo mengi. Mnyama anaweza kuonekana mzima kabisa. Peleka kichwa chenye shingo kwenye kituo cha idara ya jimbo, wanachukua tezi za kooni. Majibu yakionyesha ugonjwa, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri nyama isiliwe.

---

NyayoMbichi (Maine) #14

Kwa aliyemaliza msimu huu bila kitu, miezi inayofuata ndiyo yenye thamani. Watu huweka bunduki kabatini Desemba na kuitoa Oktoba, halafu wanashangaa mwaka unafanana.

Theluji ya Januari na Februari ni daftari lililofunguliwa: njia zote, malalo yote, saa hiyohiyo. Hakuna mnyama wa kumharibia, ingia hadi ndani ya vichaka usivyothubutu kuingia Novemba. Machi theluji ikiyeyuka, kabla majani hayajaota, mikwaruzo na miparuo ya vuli iliyopita bado inaonekana. Tembea na simu, weka alama kila moja kwenye ramani. Tafuta pembe zilizodondoka kwenye miteremko inayotazama kusini na kando ya chakula cha baridi. Pembe ya Machi ni dume aliyepita msimu akiwa hai. Wenye familia wachukue watoto, wana macho makali.

Kindi ndio shule bora. Msimu wao hufunguliwa Septemba katika majimbo mengi, misitu ileile ya mialoni, bunduki ndogo ya .22. Kutembea hatua tatu na kusimama dakika mbili, kusikiliza, kupiga kitu kidogo kwa utulivu. Na unarudi na nyama mfukoni, jambo ambalo nyumbani kwako wataliona.

---

BabaFuraha (Michigan) #15

Nimeelewa. La mwisho: mwenye siku nne tu za likizo kuanzia 15 Novemba, msimu wa bunduki unapofunguliwa huku Michigan, na ardhi ya umma pekee, azigawe vipi?

---

MzeeWaMialoni (Wisconsin) #16

Kazi usiianze tarehe 15. Tafuta Jumamosi mbili za Oktoba, saa ya mchana, uchague mahali patatu: pa kwanza kwa upepo wa magharibi, pa pili kwa wa kaskazini, pa tatu kwa wa kusini. Penye kuegesha magari mengi, pima nusu maili kutoka hapo kwenye ramani, halafu angalia pia kichaka kidogo kilicho karibu kabisa na barabara ambacho kila mtu anakipita.

Siku ya kwanza ingia saa moja na nusu kabla ya mwanga, kaa kwenye njia ya kukimbilia hadi jioni, wawindaji wengine watakufanyia kazi. Siku ya pili mahali pengine, kwa upepo wa siku hiyo. Siku ya tatu asubuhi pumzika, lala, kula, kisha mchana tembea polepole dhidi ya upepo kutafuta dalili mbichi za baada ya kelele. Ukiziona, kaa hapohapo hadi giza, na siku ya nne urudi palepale kabla ya alfajiri.

Daftari mfukoni, penseli. Kalamu ya wino inaganda.